Mahali Gitaa Linaposhuka

Hadi leo vijana hunisimamisha sokoni Migori kuniuliza swali moja: kati ya Elkanah na Cephas, nani alikuwa zaidi baada ya Kokoto Jazz kuvunjika? Huniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa tatu. Elkanah aliimba, Cephas alipiga gitaa, nami nilipiga chupa ya soda kwa kipande cha chuma. Anayedhani chupa ni kitu kidogo hajawahi kucheza muziki wa kwetu bila chupa. Chupa ndiyo inayouonyesha mguu pa kukanyaga.

Swali lao siwezi kulijibu kwa neno moja. Lakini mwaka wa 1965 swali hilo hilo lilikaribia kuninyima mke, na jinsi lilivyoishia naikumbuka vizuri.

Kokoto Jazz ilizaliwa Macalder, mgodini. Sote watatu tulikuwa vijana wa kazi pale, na nyapara wetu alikuwa Mzee Ogutu, mtu mkali chini ya ardhi na mpole juu yake. Yeye ndiye aliyemnunulia Cephas gitaa la kwanza. Yeye ndiye aliyetufungulia ghala la mbao tufanyie mazoezi jioni, huku mkewe, Jerusha, akituletea uji na kutuambia wimbo gani unafaa na upi tuutupe. Alipougua ule ugonjwa uliomwondoa, Mzee alituita kando ya kitanda.

"Binti yangu Rispa akiolewa," alisema, "mtapiga nyinyi. Wote watatu."

Tulikubali. Rispa wakati huo alikuwa shule ya bweni, na mimi sikuwa na habari kwamba ahadi ile siku moja ingenikaba shingo mimi mwenyewe.

Baada ya hapo tulipata jina. Kutoka Nyatike hadi Karachuonyo watu walitujua. Tuliitwa harusini, tukaitwa matangani, tukavuka ziwa kwenda visiwani. Na kisiwani Takawiri ndiko tulikovunjikia.

Kwa asiyetujua, nieleze kidogo. Kwetu dansi haiendi mfululizo. Mtu akijisikia, husogea mbele, huweka kitu kwenye sahani ya wanamuziki, na muziki hushuka. Haunyamazi, hushuka tu, gitaa likitembea polepole kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Hapo yule mtu hujisifu: jina lake, ukoo wake, ng'ombe wa babu yake, meno ya mkewe, kisha huwasifu rafiki zake na wanamuziki. Akimaliza, muziki hupanda tena. Hiyo ndiyo pakruok. Kwenda dansi bila pakruok ni kama kwenda kanisani ukarudi bila kuomba.

Siku ile Takawiri alisimama mchuuzi wa samaki aliyekuwa amevuna vizuri. Cephas akalishusha gitaa. Mchuuzi akajisifu, akaisifu mitumbwi yake, akamsifu Elkanah: koo la dhahabu, mwenye Kokoto Jazz, mtu ambaye hata viboko hutoka majini kumsikiliza. Hata mimi nilipata mstari wangu, "kijana wa chupa asiyeonja chupa." Wakati huo wote Cephas aliendelea kupiga chini chini, akingoja zamu yake. Mchuuzi akameza mate, akatazama huku na huku, akaketi.

Kwa desturi, mwimbaji hujibu sifa. Elkanah angeweza kumtaja Cephas hapo, na mambo yangeisha. Akasema, "Mimi mwenye Kokoto Jazz nimesikia!" na kuendelea na ubeti.

Kwenye mashua ya kurudi Mbita, Cephas alikaa mbele peke yake akitazama maji. Hatukupiga tena pamoja. Nchi ilipata uhuru Desemba ya mwaka ule, 1963. Cephas alipata wake Novemba.

Mimi nilihamia Migori, ambapo wazee walikuwa bado wanapaita Suna, nikajifunza cherehani, nikapata nafasi kwenye baraza ya duka la Hemed. Jioni nilikwenda darasa la watu wazima. Wapo wanaosema nilianza kusoma kwa sababu ya Rispa, aliyekuwa sasa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Homa Bay. Si kweli. Nilianza kabla ya kumwona tena. Baada ya kumwona niliongeza bidii tu.

Mwalimu wetu wa jioni, Bwana Mochama, alitufundisha insha ya kulinganisha. "Usiseme kipi bora kabla hujaviweka viwili bega kwa bega," alisema. Wenzangu waliandika juu ya ng'ombe na mbuzi. Mimi niliandika juu ya Elkanah na Cephas. Alinipa alama nzuri kisha akaongeza kwa wino mwekundu: "Uamuzi uko wapi?"

Uamuzi sikuwa nao. Na wiki chache baadaye nikaambiwa nilete kitu kigumu kuliko uamuzi.

Nilikuwa nimekwenda kwa Jerusha, kwenye boma lake kando ya barabara ya Rangwe, kuzungumzia ayie. Ayie ni siku ambayo mama wa binti husimama mbele ya watu na kusema, "Nimekubali." Kabla ya siku hiyo huna mke, hata kama binti mwenyewe amekubali mara kumi. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti karibu na mlango, kama mkwe anavyokaa, macho chini.

"Kazi unayo," Jerusha alisema. "Kitabu unasoma. Pombe hunywi. Sina neno na wewe, Naftali."

"Asante, Min Rispa," nilisema, yaani mama wa Rispa.

"Usinishukuru bado. Nani atapiga muziki?"

Nilijua tunakoelekea.

"Mlimwahidi marehemu mkiwa watatu," alisema. "Deni la mtu aliye hai unaweza kuliombea msamaha. La aliyekufa utamwomba nani? Elkanah na Cephas wapige pamoja hapa, na wewe na chupa yako. Siku hiyo hiyo nitasema neno langu. Wasipopiga, watu watakula, watashiba, watakwenda kwao. Na wewe utakwenda kwenu."

"Mama, wale hawasalimiani."

"Hilo ni lao. Sikuwauliza kama wanasalimiana."

Rispa alinisindikiza hadi barabarani. Nilidhani atanihurumia.

"Umesoma kulinganisha," alisema huku akicheka. "Sasa jifunze kujumlisha."

Nilianza na Cephas kwa kuwa alikuwa karibu. Alipiga Jumapili mchana katika hoteli moja ya Homa Bay, karibu na gati, pamoja na kijana wa besi na mwingine wa ngoma. Mlangoni palikuwa na ubao: HAKUNA PAKRUOK. Niliusoma mara mbili. Ilikuwa kama kuona hoteli imeandika hakuna kuketi.

Ndani niliona kitu ambacho sikukitarajia. Vijana kutoka Kendu na Mfangano walikuwa wamekaa chini mbele yake, hawachezi, wanatazama vidole vyake. Na vidole vile, Bwana! Kule Macalder alikuwa mpigaji mzuri. Sasa nyuzi zilikuwa zinazungumza, mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu, na wa tatu ukizicheka. Kisha akafungua kinywa kuimba, na ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Kila wimbo aliuimba hivyo, kwa haraka, kama mtu anayemaliza dawa chungu, ili arudi kwenye gitaa.

Katikati ya wimbo mmoja mzee mwenye fimbo alisogea mbele na mkono mfukoni. Cephas akatikisa kichwa, akaendelea kupiga. Mzee akasimama pale, mdomo wazi, sifa zake zote zikiwa zimemjaa kinywani.

"Hii ni dansi au gwaride?" akauliza, akatoka.

Alipopumzika, Cephas alikuja kukaa nami.

"Naftali wa chupa! Umenenepa, omera, ndugu yangu. Kumbe cherehani inalisha."

"Inalisha. Na gitaa?"

"Gitaa linalisha na kunywesha." Akapangusa nyuzi kwa kitambaa. "Ulimsikia yule wa Oyugis?"

"Elkanah?"

"Yule. Wanasema sasa ana tarumbeta. Mtu akiishiwa huongeza tarumbeta."

Nikamweleza habari ya Rispa, na neno la mama yake. Alifurahi kweli, alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Nitakuja," alisema. "Nyapara ndiye aliyeniwekea hili gitaa mkononi. Nitampigia binti yake mpaka ng'ombe walalamike."

"Pamoja na Elkanah."

Akaachilia mkono wangu. "Yule akisimama kuimba, mimi naketi."

"Ahadi ilikuwa ya watu watatu, Cephas."

"Basi nihesabu mara mbili."

Nilirudi Migori na nusu ya nilichotumwa. Sikuwa na moyo wa kwenda Oyugis. Nilikaa kwenye baraza nikishona sare za shule, na ndani ya duka Hemed akipiga santuri kwenye gramafoni kuwavutia wateja. Hemed alikuwa mtu wa Mombasa aliyekuja na vitambaa na akabaki. Kiswahili changu kizuri nimekipata kwake na kwa Bwana Mochama, nusu kwa nusu. Dukani mwake kila siku palikuwa na ubishi: huyu anataka santuri ya Elkanah, yule ya Cephas, na wote wananivuta mimi niamue.

Siku hiyo Hemed alitoka na santuri mkononi, uso umekunjika.

"Bwana Naftali, hebu nisikilizie. Hii mpya ya Cephas ni mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Inazama. Katikati sauti inazama kama mtu katumbukia kisimani, halafu inaibuka. Nimebadilisha sindano, ni vile vile. Nimechukua nyingine kutoka boksi, inazama pale pale. Wateja wananirejeshea, wananiambia, 'Hemed umetuuzia sahani iliyolala jua.' Kiwanda kizima kimelala jua?"

Akaiweka. Ulikuwa wimbo juu ya mvua ya milima ya Gwasi. Mguu wangu ukaendelea kukanyaga cherehani kwa mapigo yake. Ubeti ukapita, mwingine ukapita. Kisha gitaa likashuka. Besi nayo ikashuka. Nyuzi zikabaki zikitembea chini chini, hazisemi kitu, zinazunguka mahali pamoja, zinazunguka tena. Kisha zikapanda.

Mguu wangu ulikuwa umesimama.

"Umesikia?" Hemed akasema. "Mbovu."

"Rudisha, Bwana Hemed."

Akarudisha. Nikasikiliza tena pale chini. Palikuwa na nafasi ya mtu kutaja jina lake, na ukoo wake, na rafiki yake mmoja. Hakuna aliyesema kitu. Cephas aliyewakataza wakubwa kwa wadogo wasimsimamishe, ndani ya chumba cha kurekodia kisichokuwa na hata mtu mmoja wa kucheza, alikuwa amelishusha gitaa na kungoja.

"Si mbovu," nilisema. "Niuzie hii."

"Nikuuzie uzamie nayo?" Hemed akaifunga kwenye gazeti. "Ichukue. Itakuwa zawadi ya harusi, kama harusi ipo."

Jumanne iliyofuata nilikwenda Oyugis. Ilikuwa siku ya soko, na Elkanah alipiga mchana kwenye baa kubwa nyuma ya stendi. Lazima niwe mkweli, kama Bwana Mochama alivyotufundisha: sauti ya Elkanah ilikuwa imekua. Zamani ilikuwa nzuri. Sasa ilikuwa pana, unaweza kulala juu yake. Alivaa suti na kofia ya kijivu, ile iliyochorwa kwenye mabango yake. Nyuma yake walikuwapo watu wengi, tarumbeta mbili, na wasichana wa kuitikia. Na pakruok? Ilitiririka. Wenye maduka, wenye mashamba, makarani, kila mtu alisimama, na Elkanah alimjibu kila mmoja kwa maneno matamu kuliko aliyoyaleta.

Lakini gitaa lilimfuata kama mbuzi anavyofuata chumvi. Alipokwenda kulia, likaenda kulia. Halikumpinga, halikumtania, halikumwambia, "Omera, ubeti umekwisha." Kwa hiyo ubeti haukuisha. Alijaza kila pengo kwa maneno, na nyimbo zilirefuka mpaka watu wakaketi katikati yake kula. Mpiga gitaa alikuwa mtu mpya. Nilisikia wa kabla yake alifukuzwa, na wa kabla ya huyo pia.

Alipomaliza alinikumbatia mbele ya watu wote, akaniketisha, akaagiza nyama.

"Huyu mnayemwona," aliwaambia, "ndiye aliyenishikia mapigo nilipokuwa maskini! Sasa ni mtu wa kitabu." Kisha akanisogelea. "Sema kweli, Naftali. Umetoka Homa Bay, habari zimenifikia. Nani zaidi? Mimi au yeye?"

"Una gramafoni hapa?"

"Kwani nimekuuliza nini?"

"Ndiyo najibu."

Akaniletea ile ya baa. Nikaiweka santuri. Cephas alipoanza kuimba Elkanah alicheka hadi akakohoa. "Wuololo! Nani kamkanyaga paka?" Lakini gitaa lilipozungumza aliacha kucheka, akaanza kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia lugha ya nyumbani.

Kisha likashuka. Elkanah alikuwa na mfupa mkononi. Akabaki nao hapo hapo, katikati ya sahani na kinywa.

"Ameshusha," alisema.

"Ameshusha."

"Kuna nani pale?"

"Hakuna mtu."

Akaizungusha gramafoni mwenyewe, akairudisha sindano. Likashuka tena. Safari hii niliona midomo yake inacheza, kama anataka kusema kitu, kisha gitaa likapanda na nafasi ikapita.

"Nilisikia amepiga pakruok marufuku," alisema.

"Amewakataza watu. Mkono wake haujakubali."

Aliweka mfupa chini. "Kwani mimi nilifanya nini Takawiri, Naftali? Yule mchuuzi ndiye aliyemsahau. Mimi nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu. Hilo ndilo analokulaumia."

Akatazama nje, kwenye mbuzi wa mnada. Tarumbeta zilikuwa zinajaribiwa nyuma. Nikamweleza habari ya ayie na ahadi ya nyapara.

"Siku hiyo nitakuja," alisema mwishoni. "Lakini siji na bendi, wala siji kuimba. Nakuja mgeni. Nitakula nyama ya Min Rispa."

"Elkanah, mama anataka muimbe. Usipoimba sina mke."

"Nimesema nakuja mgeni," alirudia, na hakutaka kueleza zaidi.

Njia nzima nilipiga hesabu. Mmoja atapiga ila hataki mwenzake aimbe. Mwingine atakuja ila haimbi. Hata Bwana Mochama asingeweza kuipata bendi hapo.

Siku ya ayie ilipambazuka na upepo kutoka ziwani. Boma la Jerusha lilijaa. Mjomba wangu na wazee wa kwetu walikaa upande mmoja, wa kwao upande mwingine, na katikati, kwenye kigoda cha marehemu mumewe, alikaa Jerusha, mikono imekunjwa. Nilikuwa nimejishonea suti mwenyewe. Ilikaa vizuri, na watu waliisifu, lakini ndani yake nilikuwa nimelowa.

Cephas alikuja mapema na vijana wake wawili. Alipiga vizuri mno. Wanawake walicheza, wazee walicheza wakiwa wamekaa. Jerusha hakucheza.

"Huyu ni mmoja," aliniambia nilipopita. "Mimi naona mmoja."

Elkanah alifika chakula kikiwa kimepakuliwa. Watu walimshangilia, akawapungia mkono kwa kofia, akaenda kukaa mwisho kabisa wa mkeka kama jamaa wa mbali. Cephas alimwona. Kidole chake hakikukosea, lakini aligeuza kiti kidogo, bega likawa upande wa Elkanah. Elkanah alikula ngege wa ziwani, akala nyama, akaomba kuongezwa ugali. Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza. Rispa, mlangoni mwa nyumba na soda yake mkononi, alinitazama na kuinua nyusi. Nilitazama viatu vyangu.

Mara nikaona watu wanageuza vichwa. Elkanah alikuwa amesimama. Alitembea polepole katikati ya wachezaji mpaka mbele ya Cephas, akavua ile kofia ya kijivu, akaiweka kwenye sahani.

Cephas hakuitazama. Aliendelea kupiga.

"Nasimamisha," Elkanah alisema.

"Kwangu hakuna pakruok. Huwezi kusoma?"

"Ubao sijauona. Na hapa si kwako."

"Wewe ni mwanamuziki. Mwanamuziki hasimamishi muziki."

"Leo ni mgeni. Muulize Naftali. Nimekula kama mgeni, kila mtu ameona."

"Sana!" mtu mmoja akapaza sauti, watu wakacheka.

Cephas akamgeukia Jerusha, kama zamani ghalani tulipogombana akatutenganisha.

"Kwangu pakruok ipo," Jerusha alisema. "Shusha gitaa, mwanangu."

Gitaa likashuka. Nilielewa hapo kwa nini Elkanah alikataa kuja kuimba. Mwimbaji hujibu tu sifa zilizoletwa. Anayeweza kuzileta ni mgeni.

"Mimi Elkanah," akaanza, na desturi ni kuanza na wewe mwenyewe, "mwana wa Nyar Kabuoch, niliyeimba Macalder nikidhani naruka, kumbe nimebebwa mgongoni!" Watu wakaguna. "Aliyenibeba ndiye huyu. Cephas, mwana wa Nyar Kadem, vidole kumi vinavyofanya kazi ya watu ishirini! Gitaa lake likilia Homa Bay, ngege wa Takawiri hujipeleka wenyewe kwenye nyavu. Tangu aniache nimeajiri wapiga gitaa, nimewafukuza, nimewaajiri wengine, na kosa lao lilikuwa moja tu, hawakuwa yeye!"

Cephas alikuwa ameinamia nyuzi. "Umemaliza?"

"Sijamaliza. Nimechelewa miaka miwili, wewe una haraka gani?"

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafukuza kuku. Elkanah akaendelea. Alimsifu kwa mama yake, kwa ukoo wake, kwa urefu wake, kwa namna anavyokunja miguu, kwa lile gitaa la kwanza lenye ufa. "Na watu wakiuliza Kokoto Jazz ilikuwa ya nani," alisema, "waambieni ilikuwa ya mtu huyu, na mimi nilikuwa kinywa chake." Kisha akafikiria. "Maana chake mwenyewe, ndugu zangu, mmekisikia."

Hapo Cephas alicheka. Alijaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. Akainua uso, macho yakiwa na maji, na vidole vyake, bila kuulizwa, vikatoka kwenye ule wimbo wa kwake vikaingia katika wimbo wetu wa kwanza kabisa wa Macalder, kwa kimo cha sauti ya Elkanah, si cha yake.

"Imba basi," alisema. "Mgeni gani huyu asiyefanya kazi."

Nikashtuka. Chupa! Nilikuwa na suti, nilikuwa na tai, chupa sikuwa nayo. Kila mgeni alikuwa bado anakunywa. Nilikimbia hadi mlangoni, na Rispa alikuwa ameshainua soda yake, akaimaliza kwa pumzi moja kama kijana wa mgodini, akanipa chupa na kijiko.

"Kimbia," alisema, akiwa na machozi ya gesi.

Tukapiga. Gitaa lilimwambia Elkanah wapi ubeti unaisha, na ubeti ukaisha. Sauti ya Elkanah iliingia mahali ambapo Cephas alikuwa ameacha wazi muda wote ule, ikakaa. Wale vijana wake wawili waliweka vyombo chini, wakatutazama.

Katika wimbo wa tatu Jerusha aliinuka kigodani. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka kwenye sahani juu ya kofia ya Elkanah. Gitaa likashuka, na mimi nikashusha chupa.

"Mimi Jerusha," alisema, "mjane wa Ogutu nyapara, aliyeshuka chini ya ardhi kila asubuhi na kila jioni akapanda. Niliyewapa uji hawa watatu wakiwa hawana hata kamba ya gitaa. Mume wangu alidai, na leo amelipwa. Naftali, mtoto wa chupa." Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Nimekubali."

Na muziki ukapanda.

Hawakurudiana kuwa bendi. Jioni ile Elkanah alirudi Oyugis kwa tarumbeta zake na Cephas akarudi gatini, na kila mmoja aliendelea na njia yake kwa miaka, na wote walifanya vizuri. Ila Elkanah aliondoka kichwa wazi. Nilipopita Homa Bay baadaye, ule ubao wa mlangoni haukuwapo. Kwenye msumari wake ilitundikwa kofia ya kijivu, na ndani yule mzee wa fimbo alikuwa amesimama akijisifu, hana dalili ya kuketi.

Insha yangu ninayo hadi leo. Nilipomsomea Rispa kwa mara ya kwanza baada ya kuoana, nilimweleza kwamba uamuzi nimeupata: kila mmoja alikwenda mbali zaidi ya mwenzake, na wote wawili walipungukiwa na kitu kilekile. Nilidhani umekaa vizuri. Nilingoja anisifu.

"Chupa," alisema, "uliiharakisha kwenye wimbo wa pili."

Si kweli. Lakini nimeishi naye vizuri.